Wawili Waliobaki: Uchambuzi wa Kisa cha Kuvunjika kwa Pac-12

Kisa hiki kinahusu vyuo vikuu viwili vya Marekani, Oregon State na Washington State, vilivyojikuta peke yao baada ya wenzao kumi kuhama konferensi ya michezo iliyoitwa Pac-12. Vyuo, mikataba na maamuzi ya mahakama vimetajwa wazi kwa kuwa ni mambo ya umma. Majina ya wachezaji, makocha, viongozi na mahakimu yameondolewa. Wanariadha wa zamani waliotajwa ni kwa ajili ya historia tu.

Swali linalofuatiliwa ni moja: chuo kisicho na mji mkubwa nyuma yake, kisichopewa mwaliko popote, na ambacho wenzake wameondoka na watazamaji wote, kinaweza kuokoa nini?

## Usuli

Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, vinavyopanga ratiba pamoja na, la muhimu zaidi siku hizi, vinavyouza haki za matangazo ya televisheni kwa mkupuo mmoja na kugawana fedha. Msomaji aliyezoea ligi zetu anajua timu hupanda na kushuka daraja kwa pointi. Kwenye futiboli ya vyuo ya Marekani (mpira wa Kimarekani, si kandanda) hakuna kupanda wala kushuka. Chuo kipo ngazi ya juu kwa sababu wakubwa wamekubali kukaa nacho meza moja, na siku wakiamua kuhamia meza nyingine, ushindi wake uwanjani haumsaidii.

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa mwaka 1984. Kabla ya hapo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua ni mechi zipi za futiboli zionyeshwe. Chuo Kikuu cha Oklahoma na wenzake wakakishitaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi. Tangu siku hiyo kila konferensi ikawa muuzaji, na bei ikafuata idadi ya watazamaji.

Pac-12 ilikuwa na mizizi mirefu. Umoja wake wa awali uliundwa Portland mwaka 1915 na vyuo vinne, kimojawapo kikiwa kile ambacho leo kinaitwa Oregon State. Washington State kiliingia 1917. Jambo ambalo wengi walilisahau mwaka 2023 ni kwamba yaliwahi kutokea: mwaka 1959 umoja ule ulivunjika kufuatia kashfa za kuwalipa wachezaji, vyuo vikubwa vikaunda umoja mpya, na hawa wawili wakaachwa nje. Washington State kilirudishwa 1962, Oregon State 1964.

Futiboli ndiyo inayolipa bili za michezo mingine karibu yote. Hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Samson Kimombwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Mwaka uliofuata Henry Rono, wa chuo hichohicho, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mkimbiaji Bernard Lagat naye alipitia palepale Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, zaidi ya kilomita 400 kutoka Seattle. Ufadhili wa wakimbiaji katika vyuo kama hiki hutegemea kwa kiasi kikubwa Jumamosi za futiboli.

Mwaka 2011 Pac-12 ilisaini mkataba wa miaka 12 na kampuni za televisheni za ESPN na Fox, wenye thamani ya takribani dola bilioni 3. Mwaka uliofuata ikaanzisha kituo chake cha televisheni, ikakimiliki asilimia mia bila mshirika. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini DirecTV, mtoa huduma mkubwa wa setilaiti, hakukubaliana nayo kamwe, na mashabiki wengi hawakukipata kituo hicho kwenye ving'amuzi vyao. Kadiri miaka ilivyokwenda, mapato yakabaki nyuma ya konferensi za Big Ten na SEC.

Halafu kuna jambo dogo la kisheria ambalo ndilo kiini cha kisa chote. Vyuo vilikuwa vimeikabidhi konferensi haki zao za matangazo hadi katikati ya mwaka 2024 tu, pamoja na mkataba wenyewe wa televisheni. Aliyesubiri siku hiyo ifike angeweza kuondoka bila faini.

## Mambo yalivyokwenda

Julai 2021 Texas na Oklahoma walitangaza kuiacha Big 12 na kwenda SEC. Big 12 ikawa imejeruhiwa, na Pac-12 ilikuwa na nafasi ya kuchukua vyuo vyake vilivyobaki. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo ikatangaza haitaongeza wanachama. Badala yake iliingia kwenye ushirikiano wa heshima na Big Ten na ACC, usio na mkataba wa kuwafunga.

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, walitangaza kwenda Big Ten, mmoja wa washirika hao wa heshima. Kwa tangazo hilo Pac-12 ilipoteza soko lake kubwa kuliko yote. Miezi miwili baadaye Big Ten ilisaini mkataba mpya na Fox, CBS na NBC unaozidi dola bilioni 7 kwa miaka saba.

Wale kumi waliobaki Pac-12 walipaswa kuuza haki zao haraka. Haikuwa hivyo. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba ESPN ilikuwa tayari kutoa takribani dola milioni 30 kwa kila chuo kwa mwaka, nao wakadai karibu milioni 50. Wakati wakivutana, Big 12 iliyojeruhiwa iliwatangulia sokoni: Oktoba 2022 ikarefusha mkataba wake na ESPN na Fox kwa wastani ulioripotiwa wa dola milioni 31.7 kwa chuo. Fedha za vituo hivyo zikawa zimeshapata pa kwenda.

Miezi ikapita. Januari 2023 ikajulikana kwamba kituo cha konferensi kilikuwa kimelipwa kimakosa na Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo, takribani dola milioni 50 za ziada, ambazo zilibidi zirudi. Tarehe 27 Julai Colorado kikapiga kura kurudi Big 12. Tarehe 1 Agosti kamishna akawaletea marais wa vyuo tisa vilivyobaki ofa moja ya maana: Apple, kwa njia ya intaneti, kwa kianzio kilichoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 25 kwa chuo, na nyongeza kutegemea wateja wangapi watalipia.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 4 Agosti marais walitarajiwa kukutana na kusaini. Oregon na Washington hawakusaini, wakaenda Big Ten, tena kwa mgao ulioripotiwa kuwa kama nusu ya ule wa wenyeji. Kabla siku haijaisha Arizona, Arizona State na Utah wakawa wa Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California, vyuo vya pwani ya Pasifiki, vikakubaliwa ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki, kwa mgao wa asilimia 30 kwa miaka saba.

## Maamuzi ya waliobaki

### Kwenda mahakamani kabla ya kikao

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana sehemu hii inasimuliwa kwa haraka mno kila mara.

Vyuo kumi vilivyotangaza kuondoka vilikuwa bado wanachama kwa jina hadi katikati ya 2024, na kila kimoja kilidai kiti kwenye bodi. Kumi dhidi ya wawili. Kikao cha bodi kiliitishwa kwa tarehe 13 Septemba 2023. Bodi yenye wanaoondoka kumi ingeweza kuivunja konferensi na kugawana akiba yote kwa mafungu kumi na mawili. Waliobaki wangepata kila mmoja fungu lake moja, na jina lingekufa.

Katiba ya Pac-12 ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba chuo kikitoa taarifa ya kujitoa kabla ya tarehe 1 Agosti 2024, mwakilishi wake anapoteza haki ya kura kwenye bodi. Wanaoondoka walidai kifungu kinamhusu anayeondoka kabla ya tarehe hiyo, wakati wao wangeondoka mkataba ukiisha. Maneno yenyewe yaliweza kubishaniwa. Kilichozima ubishi ni mwenendo wa bodi. USC na UCLA walipotangaza mwaka 2022, waliondolewa kwenye vikao vya bodi. Colorado kilipotangaza Julai 2023, nacho kikatolewa. Kwa hiyo vyuo vilivyokuwa vikidai kifungu hakimaanishi hivyo, vyenyewe vilikuwa vimekitumia hivyohivyo kwa wenzao wiki chache tu nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, na kila kikao kilikuwa kimeandikwa.

Oregon State na Washington State walifungua kesi tarehe 8 Septemba katika mahakama ya wilaya ya Whitman, jimbo la Washington, ambako Pullman ipo. Tarehe 11, siku mbili kabla ya kikao, hakimu akatoa zuio la muda. Novemba 14 akatoa zuio la kudumu hadi kesi iamuliwe, kwamba wawili hao ndio bodi, kwa sharti kwamba wasiwanyanyase wanaoondoka katika fedha za mwaka ule. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kulipitia zuio hilo tarehe 15 Desemba. Siku chache baadaye pande zote zikakubaliana: wanaoondoka waliacha sehemu ya mgao wao, jumla ikitajwa kuwa takribani dola milioni 65, na wakatoa dhamana kwa madeni ambayo yangeweza kujitokeza baadaye.

Haraka ndiyo iliyowaokoa. Wangesubiri kikao kipite ili wakapinge matokeo yake, wangekuwa wanadai fedha zilizokwisha gawanywa.

### Kukodi ratiba

Kanuni za NCAA zinataka konferensi iwe na vyuo vinane vya futiboli, lakini zinaipa inayopungukiwa miaka miwili ya kujijenga upya. Wawili hao waliamua kuitumia miaka hiyo badala ya kukimbilia konferensi ndogo wakiwa wamepiga magoti. Kwa msimu wa 2024 wakalipa konferensi ya Mountain West dola milioni 14 ili kila mmoja apate mechi sita. Kwa michezo mingine mingi wakapata hifadhi West Coast Conference.

Mkataba ule wa mechi ulikuwa na mwiba. Mountain West iliweka kipengele kwamba Pac-12 ikimchukua mwanachama wake yeyote italipa faini: dola milioni 10 kwa wa kwanza, na kila anayefuata anaongeza nusu milioni juu ya aliyemtangulia. Wawili walisaini. Hawakuwa na msimu bila saini hiyo.

### Kujenga kwa nyumba ya jirani

Mazungumzo ya kurefusha ratiba hadi 2025 yalikwama. Tarehe 12 Septemba 2024 Pac-12 ikatangaza kwamba Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State watajiunga Julai 2026. Wote wanatoka Mountain West. Utah State kikafuata siku chache baadaye. Vyuo vitano, faini ya dola milioni 55, mbali na ada za kujitoa ambazo kila chuo kingedaiwa. Pac-12 ikaenda mahakamani tena, safari hii ikidai kwamba kipengele cha faini kinakandamiza ushindani na kilipatikana wakati yenyewe haikuwa na pa kushika.

Haikupata kila iliyemtaka. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA walikataa, na UNLV na Air Force wakabaki Mountain West baada ya kuahidiwa fedha. Gonzaga, wakubwa wa mpira wa kikapu wasio na futiboli, wakakubali Oktoba 2024. Chuo cha nane cha futiboli, Texas State, kilipatikana tarehe 30 Juni 2025, siku chache baada ya CBS kutangazwa kuwa mshirika mkuu wa matangazo hadi msimu wa 2030-31.

## Matokeo

Jina limeokoka, akiba imeokoka, na kuna konferensi yenye vyuo vinane vya futiboli. Kwa vyuo ambavyo Septemba 2023 vilikuwa vinahesabiwa marehemu, hilo ni jambo kubwa na wanastahili sifa.

Gharama nayo ielezwe bila kupunguzwa. Kocha mkuu wa Oregon State aliondoka Novemba 2023 kwenda chuo cha Big Ten; wa Washington State akaondoka Desemba 2024 kwenda ACC. Kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) wa Washington State aliyehama baada ya msimu wa 2023 aliibuka chaguo la kwanza kabisa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, mwaka 2025, akiwa amevaa jezi ya chuo kingine. Aliyerithi nafasi yake naye alicheza msimu mmoja akaenda SEC. Oregon State kilikuwa kimetoka kukarabati uwanja wake wa Reser kwa takribani dola milioni 160, ukikamilika mwaka 2023, uleule ambao wengi wa wenzake walitangaza kuhama. Msimu wa 2025 wawili hao walilazimika kucheza wao kwa wao mara mbili.

Na Juni 2025 Washington State kilitangaza kwamba riadha yake itaelekezwa kwenye mbio ndefu. Kuruka na kurusha vikafutwa, mbio fupi na za viunzi zikapunguzwa. Chuo cha Rono hakikufuta mbio ndefu, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini vijana waliokwenda pale kurusha mkuki walilipia uamuzi ambao hawakuwa na kura ndani yake.

## Uchambuzi

Wengi hulieleza anguko la Pac-12 kama usaliti. Mimi sikubaliani. USC na UCLA walifuata fedha, ni kweli, lakini konferensi ilikuwa na mwaka mzima baada yao na ikautumia kupandisha bei. Muuzaji aliyepoteza Los Angeles alikuwa anauza kwa bei ya aliye na Los Angeles. Kukataa kuongeza wanachama mwaka 2021 lilikuwa kosa, ila la pili ndilo lililoua. Big 12 ilikubali bei isiyofurahisha mapema, nayo ikapata mkataba ambao mwaka uliofuata uliwavutia wanachama wanne wa Pac-12.

Kosa la tatu lilikuwa la muda mrefu zaidi, nalo ni kumiliki kituo peke yao. Ukimiliki kila kitu mwenyewe, hakuna kampuni kubwa ya televisheni inayoumia ukianguka. SEC ina ESPN ndani ya kituo chake, Big Ten ina Fox. Pac-12 ilipozama haikuwa na mshirika mwenye sababu ya kuiokoa.

Upande wa waliobaki, kilichofanya kazi ni kwamba walijua walichokuwa nacho. Hawakuwa na watazamaji wala mwaliko. Walikuwa na kifungu kimoja cha katiba, kumbukumbu za vikao, na miaka miwili ya kanuni za NCAA. Walivitumia vyote vitatu, kwa mpangilio sahihi, na hawakupoteza muda kuomba huruma hadharani. Tena walishitaki nyumbani, katika mahakama yenye mamlaka halali juu ya jambo hilo, badala ya kusubiri kushitakiwa California yalikokuwa makao ya konferensi.

Kilichoshindikana ni kuikinga timu wakati kesi inaendelea. Ushindi wa mahakamani ulikuja katikati ya Novemba, na dirisha la uhamisho wa wachezaji lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Kijana wa miaka ishirini hasubiri tafsiri ya katiba. Nadhani sehemu ya akiba iliyopatikana ingepaswa kuelekezwa mapema zaidi kuwabakiza makocha na wachezaji, ingawa mwishoni mwa 2023 hakuna aliyejua deni halisi la konferensi lilikuwa kiasi gani, na tahadhari yao inaeleweka.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo linaniuma kulisema kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa upande wao. Walichoifanyia Mountain West mwaka 2024 ni kilekile walichofanyiwa 2023. Walichukua wenye nguvu, wakawaacha wadogo wakihangaika kutafuta wa kujaza nafasi. Tofauti zipo: notisi ilitolewa karibu miaka miwili kabla, na faini iliandikwa mapema. Faini hiyo ndiyo jibu bora la Mountain West, kwani ilijifunza kutoka kwa Pac-12 kwamba aliye nyuma hulindwa na maandishi, na ikaandika wakati mwenzake ana shida. Hoja ya kwamba kipengele kilipatikana kwa kumbana mnyonge ina uzito. Lakini aliyeisaini alikuwa na wanasheria, na alikuwa ameshinda kesi kwa kusisitiza kwamba maneno yaliyosainiwa yafuatwe.

Kwa vyuo vingine vya ukubwa huu, kalenda ndiyo ya kuangalia. Mkataba wa Big Ten unaisha 2030. Wa Big 12 na huu mpya wa Pac-12 na CBS inaisha 2031. Huko ACC, baada ya Florida State na Clemson kuishitaki na kupatana nayo Machi 2025, gharama ya kujitoa inashuka mwaka hadi mwaka hadi dola milioni 75 kufikia msimu wa 2030-31. Milango yote hiyo inafunguka karibu wakati mmoja. Wakati huohuo, kufuatia makubaliano ya kesi iliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na si kila mwanachama wa konferensi moja anayeweza kufikia kiasi hicho.

Chuo cha mji mdogo kilicho ndani ya konferensi yoyote kati ya hizo kina miaka michache ya kufungua katiba ya konferensi yake na kusoma mambo matatu: nani anapoteza kura anapotangaza kuondoka, akiba inakuwa ya nani wengi wakihama, na haki za matangazo zinaisha siku gani. Kama majibu hayapo, kifungu kipendekezwe sasa, wakati kura za wanaofikiria kuondoka bado zinaweza kuombwa bila kisasi. Ikifika 2029, kila mwenye mwaliko mfukoni atakuwa na sababu ya kukikataa.